Karati Tatu na Robo

Mtaa wetu una jina la watunza bustani
na hauna hata kichaka kimoja.
Una kamera, vizuizi vya chuma, askari wawili wapiga miayo,
na dirisha langu, ghorofa ya tatu, Antwerp:
mimi Godelieve, mpimaji,
miaka thelathini na moja napima vitu
vinavyopotea mtu akipiga chafya.

Ijumaa mchana nusu ya jengo huondoka,
makoti meusi yakishindana na jua.
Nusu nyingine haili viazi wala vitunguu;
kung'oa mzizi ni kuua walio chini yake.
Ndiyo maana, aliniambia Vadilal Kothari,
babu zake kule Palanpur hawakushika jembe:
jembe halijui kumwomba radhi mnyoo.
Walishika mizani.
Huruma kwa mdudu ndiyo iliyomleta mjukuu
kwenye baridi hii, amuuzie Fishel Apterman almasi.

Hapa hapaandikwi mkataba.
Mikono hushikana, neno moja la Kiebrania hutamkwa, mazal,
Mhindi hulitamka, Muarmenia hulitamka,
na milioni imehama mfuko.
Wageni husema: uaminifu!
Mimi naona na woga pia.
Anayelila neno lake leo
kesho hana wa kumshika mkono,
wala wa kumposea binti.

Mwaka huu kalenda zao ziligongana.
Kothari alikuwa amefunga siku nane kwa maji ya kuchemsha,
na ya mwisho dini humtuma azunguke akisema:
nikikukosea kwa kujua au kutojua, nisamehe.
Apterman naye alikuwa katika siku za kujikagua,
kabla ya ule mfungo mkuu
ambao Mungu husamehe yaliyo yake tu;
ya jirani, kayamalize kwa jirani.

Wakakutana dirishani kwangu, saa tatu asubuhi.
"Jiwe lile," wakasema kwa pamoja.
Wakanyamaza.
"Lilikuwa na ufa, mwembamba kama unyoya. Niliuona."
"Hata mimi niliuona. Ndipo nikakulilia harusi ya binti yangu
ushushe bei. Binti alikuwa na miaka sita."

Nimeona watu wakivutana bei tangu ujana wangu,
sijawaona wakivutana kinyumenyume:
pokea elfu nne; sipokei, chukua wewe elfu sita;
basi tano, na usinitukane!
Kothari akapiga meza.
Apterman akatishia kumshtaki kwa wazee wa soko.
Dawa ya deni ni kulipa, sawa,
lakini hawa kila mmoja alitaka kunywa dawa
na kumwachia mwenzake homa.

Wakanigeukia. "Godelieve, daftari unalo. Uzito ulikuwa ngapi?"

Mwandiko ni wangu: karati tatu na robo.
Mizani siku ile ilisoma tatu nukta mbili mbili.
Kothari alikuwa ameniletea kashata za ufuta,
mama yangu alikuwa hospitalini,
na robo ni namba nzuri, haina mkia.
Niliongeza uzito wa mbegu mbili za ufuta.
Yuro mia nne, labda.

Nililelewa Mkatoliki:
dhambi huambiwa padri, gizani, nyuma ya kimia,
unapewa Salamu Maria tatu, unarudi kula.
Hakuna aliyenifundisha kumwambia mteja.

"Tatu na robo," nikasema.

Wakashukuru. Wakashikana mikono mbele yangu,
wakapanda lifti moja, bado wakibishana.
Nikaifuta sahani ya mizani kwa kitambaa, mara mbili.
Sifuri.
Nikaizima, nikaiwasha.
Sifuri.

Ngazi ni sabini na nne.
Nilizishuka bila koti,
nikiwaita kwa majina yao ya kwanza,
ambayo sijawahi kuyatamka kwa sauti.